Silikoni Haizibi Kioo cha Subaru

Masika yakianza tu, swali ni lile lile: "Fundi, silikoni gani nzuri ya kuziba kioo cha Forester?" Anayeuliza hasemi kapeti limelowa upande gani. Hasemi mvua ilikuja na upepo au ilidondoka wima, wala kama gari lilikuwa limeegeshwa mteremkoni au tambarare. Ugonjwa ameshautaja, dawa ameshaichagua, kwangu anataka jina la chapa tu. Nimelijibu swali hili gereji, msibani na kwenye foleni ya benki. Sasa nalijibu kwa maandishi, na atakayeuliza tena nitampa karatasi.

Hakuna silikoni ya kuziba kioo hicho. Usiniambie hujapata ile yenyewe ya Ujerumani. Hata uagize ya bei mbaya kuliko zote, kazi unayotaka kuipa si kazi yake.

Tuelewane kwanza tunazungumzia magari gani. Forester zilizotengenezwa kabla ya toleo la mwisho wa 2007, Impreza za kabla ya 2007 na Legacy za kabla ya 2009 zina milango isiyo na fremu ya juu. Fungua mlango, shusha kioo, utaona mlango umeishia kiunoni, sawasawa na wa gari la kufunua paa. Magari ya kufunua paa hapa Morogoro ni ya kuhesabu, lakini tabu ya vioo vyake tunayo ya kutosha, maana Subaru hizi zimejaa kuanzia Kihonda hadi Bigwa. Kioo kinapanda peke yake bila reli ya kukishika juu, kinainama kidogo kwa ndani, halafu kinaegemea raba iliyopachikwa kwenye bodi. Raba yenyewe ina uwazi ndani, hivyo inabonyea. Kubonyea huko ndiko kunakozuia maji.

Sasa tuje kwenye imani yenyewe, kwamba mlango mzima hauingizi maji. Wenye magari wanaiamini, na kibaya zaidi mafundi wengi nao wanaiamini. Si kweli kwa Subaru, si kweli kwa Corolla, si kweli kwa gari lolote lenye kioo cha kupanda na kushuka. Pale kioo kinapozama mlangoni kuna mpira wa nje wa kukikwangua. Unakwangua, haufungi. Mvua ikipiga kioo, sehemu ya maji yake inateremka moja kwa moja ndani ya mlango, na aliyeuchora mlango huo alijua hivyo tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana chini kabisa, kwenye ukingo wa bati, aliacha matundu ya kutolea maji. Na kati ya chuma cha ndani na ile paneli unayoegemeza kiwiko, alibandika nailoni kwa gundi nyeusi isiyokauka, ili maji yanayorukia ndani yarudi chini yakatafute matundu. Katikati ya Aprili, mlango ambao tumbo lake ni kavu kabisa ni wa gari lililolala bandani.

Kwa hiyo maji ya mlangoni yakikufikia kapetini, ama kioo hakikai vizuri kwenye raba yake ya juu, ama njia ya maji ndani ya mlango imeharibiwa. Kwa gari zinazopita mikononi mwangu, la pili ndilo linaloongoza, na karibu kila mara limeharibiwa na mtu. Fundi wa spika aliivuta nailoni akaitupa. Fundi wa pawa windo aliichana apate pa kupitisha mkono, kisha akairudishia kwa selotepu, na selotepu ikabanduka mvua ya kwanza. Matundu ya chini nayo yamejaa udongo mwekundu wa milimani uliokauka ukawa kama tofali. Maji hayana pa kutokea, yanapanda, yanakuta nailoni imechanika, yanaingia ndani. Mwenye gari anaona unyevu karibu na kioo, anakimbilia duka la vifaa vya ujenzi kununua tyubu ya kuzibia masinki.

Tyubu hiyo ikishapakwa, haya ndiyo yanayofuata. Nyingi ya silikoni hizo zinanuka siki zinapokauka. Harufu hiyo ni asidi. Ukiifungia kwenye mshono wa bati, umepanda kutu mahali ambapo hutaiona mpaka itakapotokeza nje ya rangi. Pili, kioo kinatembea. Kinapanda, kinashuka, na kwenye barabara ya Matombo kuelekea Mvuha kinatetemeka njia nzima. Silikoni haiishiki vizuri raba ya mlango, basi inachubuka na kuacha mabonge, na mabonge hayo yanakisukuma kioo kikae mbali na raba. Ulikuwa na mwanya wa unene wa karatasi, sasa una mwanya wa unene wa kadibodi. Tatu, juu ya mabaki yake hakuna kinachoshika: si gundi, si rangi, si hata silikoni nyingine mbichi. Muulize fundi rangi yeyote kuhusu bodi iliyopakwa silikoni. Rangi inajitenga na kuacha vitundu, anasugua upya, anapiga upya, vitundu vinarudi palepale. Gharama hiyo hutamwona nayo yule aliyekuuzia tyubu.

Mbaya kuliko yote ni kuziba yale matundu ya chini. Kuna watu wanayaona, wanadhani ni kutu imetoboa mlango, wanayajaza. Niliwahi kuletewa Forester kutoka Kinole, mlango wa abiria wa mbele umekuwa mzito ajabu na ukiufunga unasikia maji yakicheza ndani. Kioo kilikuwa hakishuki tena, spika imekufa. Kila tundu la chini lilikuwa limejazwa silikoni nyeusi, safi kabisa, kazi ya mtu mwenye mkono mzuri na akili ya haraka. Nilipochokonoa tundu la kwanza, maji ya udongo yalitoka kwa muda mrefu kiasi kwamba kijana wangu alihamisha boksi la spana. Mota ya kioo tuliikuta imekaa humo ikilowa wiki kwa wiki. Kapeti lilikuwa kavu juu, ila sponji ya chini yake ukiibonyeza kwa kidole inakutemea maji. Na kwenye nyingi ya Subaru hizi, kompyuta ya injini imefichwa papo hapo, chini ya kapeti, miguuni pa abiria wa mbele. Mwenye gari alikuwa ameshahangaika na taa ya injini kwa mafundi umeme kabla hajafika kwangu. Hakuna aliyelinyanyua kapeti.

Kuna ndugu mdogo wa silikoni, nimtaje nimalize: oili chafu. Wengine hupaka dizeli, wengine grisi ya beringi, eti raba "ilainike". Itang'aa, kweli, kwa siku chache. Raba za milango zimetengenezwa kwa aina ya mpira ambayo inavumilia jua na maji lakini haipatani na mafuta ya aina hiyo. Inavimba, inalegea, halafu haijirudi tena ikibonyezwa. Kama unataka kuilainisha raba iliyokauka, ioshe kwa maji na sabuni, ikauke, kisha uipake gliserini, ile ya duka la dawa. Ipo pia grisi maalumu ya raba iliyotengenezwa kwa silikoni. Hiyo haigandi na haihusiani na gundi ya sinki, tafadhali msije mkanambia nimejipinga.

Kabla ya kugusa chochote, tafuta maji yanaingilia wapi. Hapa watu wa milimani wana shida yao. Mji wenyewe wa Morogoro haufikishi milimita 1,000 za mvua kwa mwaka wa kawaida, lakini miteremko ya mashariki ya Uluguru, inayopokea upepo wa baharini, inapita 2,000, na mawingu hayaheshimu sana kalenda ya masika na vuli. Gari la Kinole au Matombo halipati miezi ya kukauka kama la Mazimbu. Isitoshe, huko ni nadra kupata pa kuegesha palipo sawa. Gari likilala limeinamia bonde, maji yaliyoingia nyuma yanatembea chini ya kapeti hadi mbele. Unalaumu mlango wa mbele, unaulipia, kumbe mwenye makosa ni wa nyuma. Nikikuuliza gari lililala limeelekea wapi, sikuchimbi, naomba unijibu.

Na si kila maji ni mvua, wala si kila mvua hupitia mlangoni. Ukikuta miguuni pa abiria pamelowa wakati wa kiangazi, na kiyoyozi ulikitumia safari nzima, angalia bomba la kutolea maji ya kiyoyozi; limeziba. Maji yakiwa yanateleza vidoleni na yana harufu tamu, hayo ni ya rejeta, yametoka kwenye hita, na hapo una kesi nyingine kabisa. Kama gari lina dirisha la paa, kila pembe ina mrija wa kushusha maji. Wa mbele ukiziba, maji yanateremkia kwenye nguzo ya kioo cha mbele na kila mtu anaapa kwamba ni mlango. Wenye kuegesha chini ya miembe, na mji huu una miembe, waondoe majani yaliyorundikana chini ya wepa kila wiki.

Kupima ni kazi ya watu wawili. Mmoja ndani na tochi, kapeti limefunuliwa. Mwingine nje na mpira wa maji, usiwe wa presha, maana mashine ya kuoshea magari inaingiza maji hata pasipovuja. Anza kumwagia chini ya mlango, tulia, panda taratibu hadi kwenye kioo, na mwisho paa. Ukianzia juu hutajua lolote, kwa sababu kila kitu kitalowa kwa pamoja. Kwa kioo chenyewe, paka chaki ukingoni, funga mlango, fungua, tazama alama kwenye raba: pasipo na chaki ndipo pasipoguswa. Au bana noti ya shilingi 1,000 kati ya kioo na raba kisha uivute. Ikikaza huku na kuteleza kule, umeshapata jibu.

Matengenezo sasa, haraka haraka. Matundu ya chini: yachokonoe kwa kijiti laini, mwagia maji mpaka yatoke meupe. Nailoni: nunua nene, ikate kwa kufuatisha ya zamani au ya mlango wa pili, bandika kwa gundi nyeusi ya utepe isiyokauka, na ncha ya chini iingie ndani ya mlango, isiachwe nje. Kioo kilicholegea: kinarekebishwa kwa nati zilizo ndani ya mlango, za kimo na za kuinamia ndani, weka alama ya zilipokuwa kabla hujalegeza, sogeza kidogo, pima tena kwa noti. Kagua bawaba kwanza, kwa sababu mlango ulioshuka hautapona kwa kurekebisha kioo. Raba iliyolala na haiinuki: badilisha. Ukifuata iliyotumika Shaurimoyo pale Ilala, chagua ya toleo lile lile la gari na upande ule ule, uibonyeze uone kama inajirudi. Silikoni ya zamani: ikwanguliwe yote kwa plastiki, si kwa bisibisi, kabla raba mpya haijakaa. Kapeti: litolewe nje pamoja na sponji likauke juani, usilikaushie ndani ya gari. Na abiria wako waambie wasifunge mlango kwa kusukuma kioo, hasa kikiwa nusu. Ndiyo njia ya haraka ya kukitoa kwenye mstari.

Silikoni na gundi zake zina mahali pake kwenye gari, lakini hata kioo cha mbele, ambacho hakitembei, hubandikwa kwa gundi maalumu ya vioo, si ya masinki. Kioo cha mlango hakibandikwi kwa chochote.

Ukifika gereji, fundi akashika tyubu kabla hajafunua kapeti na kabla hajaulizia ulipoegesha, chukua funguo zako uende kwa mwingine.