Mlango wa Chuo cha Sanaa

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yakisha kutangazwa, wazazi huanza kuulizana habari za vyuo. Mmoja ataka mwanawe awe mganga, wa pili ataka awe mwalimu, wa tatu atosheka akipata ufundi wa umeme. Lakini mzazi ambaye mtoto wake hupiga ngoma kwa namna ya kuwasimamisha wapita njia huuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba aulizia jambo la aibu, ni masharti gani yatakiwayo mtu aingie chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Leo twapenda kulizungumza swali hilo kwa sauti kubwa, kwa kuwa twaona limefungamana na haki ya mtoto wa mfanya kazi na mkulima.

Jibu lake ni fupi. Anayeomba masomo ya ngazi ya cheti hana budi kuwa amemaliza kidato cha nne na kufaulu masomo manne yasiyo ya dini. Sharti hilo halikutungwa na walimu wa ngoma. Ni kiwango cha chini kilichowekwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi kwa vyuo vya ngazi hiyo, navyo vyuo vyaweza kuongeza masharti mengine juu yake. Basi kijana aliyefaulu Kiswahili, Historia, Jiografia na Uraia, asiyejua hata mguu wa kuanzia katika mdundiko, amekwisha kuvuka kizingiti cha kwanza. Na mwenzake aliyekulia ndani ya mdundiko, akafaulu masomo matatu tu, amebaki nje, wala hapana mtu aliyepata kuisikia ngoma yake.

Chuo hicho hakikuzaliwa kwa njia ya vyeti. Desemba 1962, taifa likiwa changa, Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mwaka 1963 kikaundwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma. Baadaye kikafuata kikundi cha sarakasi, ambacho vijana wake walifunzwa China, na mwaka 1974 kikundi cha tamthilia. Vikundi hivyo vilipokwisha kuvunjwa, urithi wao ukawekwa Bagamoyo, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikafunguliwa. Tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Miongoni mwa waliofundisha hapo alikuwamo marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyezipeleka zeze na ilimba katika majumba ya muziki ya Ulaya, na aliyefariki mwaka 2003. Ilimba hakuisomea kwa kujaza fomu. Aliipokea nyumbani kwao.

Na tukirudi nyuma zaidi twamkuta Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyekuwa akifinyanga na kuuza vyungu kabla ya kuhamia mjini. Hakujua kusoma wala kuandika. Alifunzwa kuimba na watu waliokuwa na masikio ya kumsikia, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri zilizoenea pwani yote. Shaaban Robert, bingwa wa lugha yetu, aliona maisha ya mwanamke huyo yastahili kuandikiwa kitabu, akayaandika. Kwa masharti ya leo fomu ya Siti ingerudishwa.

Wako watakaodhani kwamba twataka vyeti vitupwe baharini. La, hasha. Mwigizaji asiyeweza kusoma mchezo ni mtumwa wa yule amsomeaye, na mwanamuziki asiyeweza kusoma mkataba amekwisha kuibiwa kabla ya kalamu kukauka. Mara ngapi tumesikia habari za waimbaji wakongwe waliokufa maskini huku nyimbo zao zikiwatajirisha wengine! Kusoma ni silaha ya msanii kama ilivyo silaha ya kuli bandarini. Tunalolikataa ni kulifanya karatasi kuwa bawabu wa pekee, lenye kumrudisha mtu kabla hajasikilizwa.

Tena hata kusikilizwa kwenyewe si dawa ya kila ugonjwa. Hapa yafaa tuvuke bahari kidogo. Katika mji wa Philadelphia, Marekani, kipo chuo cha muziki kiitwacho Curtis, kilichoanzishwa mwaka 1924. Tangu 1928 wanafunzi wake hawalipi ada. Chuo ni kidogo kwa makusudi: kina wanafunzi wapatao 160 tu, yaani wa kutosha kuunda okestra na kikundi cha opera na kuzidi kidogo, na mtu huingia kwa kupiga chombo chake mbele ya walimu. Mtu akiyasoma hayo atasema, huo ndio usawa wenyewe: ada hakuna, hukumu ni ya masikio.

Mwaka 1951 alikwenda kujaribiwa hapo msichana mweusi aitwaye Eunice Waymon, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Tryon, North Carolina. Mama yake alikuwa mhubiri, naye alifanya kazi ya utumishi katika nyumba ya Wazungu. Bibi wa nyumba ile ndiye aliyelipia mafunzo ya kwanza ya piano ya mtoto, na baadaye watu wa mji, weupe kwa weusi, wakachanga fedha ili aendelee. Msichana mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alipofanya onyesho lake la kwanza, wazazi wake waliondolewa kiti cha mbele wapishwe Wazungu, naye akakataa kupiga mpaka waliporudishwa. Familia yake ilihamia Philadelphia kwa kutumaini kwamba atapokelewa. Hakupokelewa. Mwaka 1954 alianza kupiga piano katika baa ya Atlantic City, akajipa jina jingine ili mama yake asijue, na kwa jina hilo la Nina Simone dunia ikamjua.

Yeye aliamini mpaka kufa kwake kwamba alikataliwa kwa ajili ya rangi. Chuo kilikana, na watetezi wake huonyesha kwamba mwaka ule waliomba wapiga piano 72 wakachukuliwa 3 tu. Tena kwamba Mwafrika-Mmarekani George Walker alikuwa amekwisha kuhitimu hapo mwaka 1945. Sisi hatuna njia ya kuingia katika mioyo ya waamuzi wale. Lakini twaona neno moja. Hesabu ile ya 3 kwa 72 yatuambia viti vilikuwa vingapi. Haituambii ni nani kati ya wale 72 alikuwa na kinanda nyumbani tangu utotoni, wala ni nani alichangiwa senti na majirani. Mwaka 2003 chuo kilimtunukia shahada ya heshima. Siku mbili baadaye akafariki.

Kwa hiyo tusidanganywe na mtindo wa kujivunia ufinyu wa mlango. Siku hizi vyuo vya sanaa vya nchi kubwa huhesabiwa ubora kwa wingi wa waliokataliwa, mithili ya duka lijisifulo kwa wateja waliotoka mikono mitupu. Chuo kilichojengwa kwa jasho la umma hakiwezi kutumia kipimo hicho.

Nini basi kifanyike? Mfano upo humu humu nchini. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: mwashi, seremala au mpishi aliyejifunza kazini hupimwa kwa kazi yenyewe, akifaulu akapewa cheti. Mpiga marimba ana dhambi gani? Twapendekeza kijana mwenye masomo mawili au matatu asikilizwe kwanza na walimu wa fani yake. Akionekana anafaa, apokelewe kwa masharti, na masomo yaliyopungua ayasome jioni akiwa chuoni, akifanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Gharama yake ni mwalimu mmoja au wawili na taa za darasa.

Kadhalika twaomba hesabu za kila mwaka zichapwe gazetini ili wananchi wazione: walioomba ni wangapi, waliopokelewa ni wangapi, wanawake wangapi, wametoka mikoa gani, wangapi wameacha masomo kwa kukosa ada. Na katika hesabu hizo iwekwe safu moja ya waliorudishwa kwa upungufu wa karatasi pasipo kusikilizwa hata dakika tano. Matawi ya Chama yaliyo na vikundi vya ngoma na kwaya yanawajua vijana hao kwa majina yao, nayo yaweza kuanza kuiandika safu hiyo sasa.