Kifaa cha kidoleni: jinsi mwanga unavyopima oksijeni katika damu

Kamati kadhaa za parokia zinapoandaa bajeti ya zahanati hutuuliza kama kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni, oksimita, ni cha lazima au ni pambo tu. Kwetu sisi, mahali panapotibiwa watoto ni cha lazima. Ila kina mipaka yake, na ni vema ijulikane kabla fedha hazijatoka.

Mtoto mwenye kichomi anaweza kupungukiwa oksijeni na mama yake asitambue. Ulimi na midomo hugeuka rangi ya samawati wakati oksijeni imekwisha kushuka sana, na kwa mtu mweusi dalili hiyo ni ngumu zaidi kuonekana. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba mtoto mwenye kichomi ambaye kipimo chake kiko chini ya asilimia 90 apewe oksijeni.

Kifaa hufanyaje kazi bila sindano? Himoglobini, ile kemikali inayoipa damu wekundu wake, hubadilika rangi ikibeba oksijeni: damu yenye oksijeni hung'aa, isiyo nayo huwa nyekundu nzito. Upande mmoja wa kifaa kuna taa mbili ndogo, moja ya mwanga mwekundu na nyingine ya infraredi, ambao macho hayauoni. Himoglobini isiyo na oksijeni hunyonya zaidi mwanga mwekundu. Yenye oksijeni hunyonya zaidi infraredi. Upande wa pili kifaa hupokea mwanga uliopenya na kulinganisha.

Lakini kidoleni kuna ngozi, nyama na mfupa pia, navyo hunyonya mwanga. Fumbo hilo lilifumbuliwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970 na mhandisi Takuo Aoyagi. Yeye alikuwa akitafuta jambo jingine, yaani namna ya kupima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo, na mapigo ya mshipa yakawa yanamvurugia vipimo. Akaona kwamba vurugu hiyo yenyewe ina faida. Kila moyo unapopiga, damu mpya huingia kidoleni na mwanga unaopenya hupungua kidogo, huku ngozi na mfupa vikibaki vilevile. Ukihesabu sehemu inayobadilika tu, umepima damu inayotoka moyoni.

Sasa mipaka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 uliwaangalia wagonjwa ambao kifaa kiliwaonyesha asilimia 92 hadi 96. Damu yao ilipopimwa maabara, asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi ilionyesha kwamba oksijeni iko chini ya 88. Kwa wazungu ilikuwa asilimia 3.6. Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Mtoto anayepumua haraka, kifua kikibonyea, akashindwa kunyonya, asirudishwe nyumbani kwa sababu kifaa kimeandika 93.

Moshi wa jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa hudanganya vibaya zaidi: kaboni monoksidi ikishika himoglobini, kifaa huiona kama oksijeni na kuandika namba nzuri wakati mgonjwa yu hatarini. Pia kifaa hakipimi wingi wa damu. Mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria anaweza kusoma 98. Vidole baridi, rangi ya kucha, piko na hina navyo huvuruga. Jaribuni kidole kingine.

Kwa kamati na wafadhili wanaokusudia kununua: vile vya kubana vya watu wazima havimkai mtoto mchanga. Ulizeni chenye kibanio cha watoto, pamoja na waya wa akiba, maana waya huharibika mapema. Na kama zahanati haina oksijeni, wala njia ya uhakika ya kumfikisha mgonjwa hospitali, anzeni na hilo, au vyote viingizwe katika ombi moja.