Vijiti vya Chuma Havitakupa Kasi

"Mwalimu, ninunue vijiti vya uzito gani ili niongeze kasi?" Wapiga drams wa kwaya na wa bendi hawachoki kuniuliza, na jibu langu halijabadilika: vya kawaida. Hivyo vya chuma rudisha dukani.

Wanaoviuza wanadai kwamba ukizoea kizito, chepesi kitaruka chenyewe. Kweli, ukibadilisha utakiona chepesi kwa dakika chache. Hiyo ni hisia tu, wala haidumu. Sikiliza "Funky Drummer" ya James Brown, iliyorekodiwa mwaka 1969. Mdundo wake unakwenda takriban mapigo 100 kwa dakika, na kila pigo mpiga drams Clyde Stubblefield analijaza noti nne za hai-hati kwa mkono mmoja. Ni noti 400 kwa dakika, karibu saba kila sekunde, huku mkono wa pili ukichomekea noti za chini chini kwenye sneya. Hapo ubavu hausaidii kitu. Kijiti kikigonga hurudi chenyewe, vidole vikakisindikiza, na msuli hupata nafasi ya kulegea kabla ya noti inayofuata. Kizito huchelewa kugeuka, kwa hiyo mkono unajifunza kukibana na kukiinua. Ukibana, misuli ya kushusha na ya kuinua inakaza kwa wakati mmoja, kigasha kinakuwa kigumu kama ubao, na mdundo unavunjika palepale. Kupiga mto ili "kujenga mkono" kuna kasoro hiyohiyo: mto haurudishi kijiti. Na maumivu ya kifundo cha mkono mnayoyasifu kuwa ishara ya mazoezi kuingia huenda ni kano zinazoumia. Acheni!

Fanya hivi. Tafuta kasi ambayo mdundo unaanza kukatika, tuseme 104. Shuka hadi 98, ukae hapo mpaka mkono utulie. Panda juu ya mpaka wako kwa baa mbili tu, kisha rudi. Sehemu inayokatika itenge: hai-hati peke yake, halafu na kiki, sneya iingie mwisho. Ukipiga polepole, usogeze mkono kidogo vilevile kama unapopiga kwa kasi. Mkono unaopepea kwenye 60 hautajipunguza wenyewe kwenye 100. Jirekodi kwa simu. Mkono ukikaza, simama. Na wimbo wa Jumapili ukikuzidi, piga noti mbili kwa kila pigo badala ya nne. Kwaya haitapungukiwa na kitu.