Msaidie Mtoto Kujifunza Kiingereza kwa Vitu vya Nyumbani

Mwanao amemaliza shule ya msingi. Amefaulu. Nyumbani wote mmefurahi. Lakini anapoingia kidato cha kwanza, mambo yanabadilika. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili. Sasa hesabu na sayansi zinafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akijibu maswali sasa ananyamaza.

Je, mtoto huyo amekuwa mjinga? Hapana. Mwalimu anafundisha juu ya udongo, mizizi na majani. Mtoto wa Meru anavijua vitu hivyo. Amevishika shambani tangu akiwa mdogo. Anakijua kitu, ila hajui jina lake kwa Kiingereza.

Wewe mzazi unaweza kumsaidia kabla hajafika huko. Unaweza kumsaidia hata kama hujui Kiingereza.

Anza na kile anachokijua

Mwaka 1968 ulianza mradi wa kisomo katika mikoa ya Ziwa. UNESCO ilisaidia mradi huo. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, ndizi, uvuvi na ng'ombe. Vitu hivyo walivijua tayari. Kazi yao ilikuwa kujifunza kuvisoma na kuviandika.

Walimu wa Kiingereza wanaokwenda kufundisha nchi za kigeni hufanya vivyo hivyo. Mwalimu asiyejua lugha ya wanafunzi wake huinua ndizi, kikombe au kalamu. Hutaja jina. Wanafunzi huona, husikia, kisha hutamka.

Nawe unajua maneno mengi kuliko unavyodhani. Miteremko ya Mlima Meru ina baridi. Usiku tunajifunika blanketi. Asubuhi tunavaa sweta na soksi. Blanketi, sweta, soksi, shati, tochi, baiskeli na kabati ni maneno yaliyotoka katika Kiingereza. Mwombe mtoto akutamkie kama alivyofundishwa shuleni.

Fanya hivi

1. Chagua vitu vitano. Kwa mfano yai, kikombe, kijiko, ndizi na jembe. Mtoto avitaje kwa Kiingereza: egg, cup, spoon, banana, hoe. Yeye awe mwalimu, wewe uwe mwanafunzi. Mtoto anayefundisha hasahau upesi.

2. Weka vitu hivyo ndani ya kikapu. Funika kwa khanga. Mtoto aingize mkono, apapase kitu kimoja na kukitaja kabla ya kukitoa.

3. Kata boksi kuukuu vipande vidogo. Mtoto aandike herufi moja katika kila kipande, kwa mkaa au kalamu. Kisha apange herufi za jina mbele ya kitu chenyewe.

4. Mtoto akishajua majina, atumie sentensi fupi. Aseme, "Give me the cup," yaani nipe kikombe. Wewe mpe. Akikosea akaomba kijiko, mpe kijiko. Ataona kosa lake mwenyewe.

5. Shambani, ng'oa mche mmoja wa maharage wakati wa kupunguza miche. Mzizi ni root. Shina ni stem. Jani ni leaf. Ua likichanua ni flower. Mbegu ni seed. Maneno haya matano atakutana nayo tena katika somo la sayansi.

6. Siku ya soko la Tengeru, Jumatano au Jumamosi, nenda naye. Ataje kwa Kiingereza kila mnachonunua.

Kila siku rudieni maneno ya jana kwanza. Kisha ongezeni mawili au matatu mapya. Dakika 15 zinatosha.

Usimcheke

Kiswahili tunakisoma kama kilivyoandikwa. Kiingereza sivyo. Kisu huandikwa "knife", lakini k ya mwanzo haitamkwi. Ndiyo maana mtoto hukosea. Ukimcheka au kumpiga, atanyamaza. Neno likiwashinda, liandikeni katika daftari. Mtoto amwulize mwalimu wake kesho.

Jihadhari

Mimi ni Bwana Shamba, kwa hiyo nasisitiza jambo hili. Usimpe mtoto chupa tupu za dawa za mimea au za mifugo achezee. Sumu hubaki ndani, hata ukiosha. Usitumie mbegu za dukani kuhesabia. Nyingi zimepakwa dawa, nazo huwa na rangi nyekundu, kijani au buluu. Tumia maharage au mahindi ya kula. Watoto wachanga wakae mbali na punje hizo, maana huweza kuzimeza au kujiingiza puani.

Faida yake

Mjini Arusha na katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, watu wengi hupata riziki kwa kuongoza wageni. Kazi hiyo yahitaji lugha za kigeni. Lakini faida ya kwanza iko darasani. Mtoto anayejua majina ya vitu humwelewa mwalimu, tena huthubutu kuuliza.

Ndugu msomaji, vitu hivi havinunuliwi. Viko jikoni na shambani kwako. Jioni ya leo, weka vitano juu ya meza. Mwite mtoto, na umwambie: "Nifundishe."