Daftari la Wanachama Kutiwa Katika Mtandao

Ndugu Wanachama,

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mkutano uliopita baadhi yenu mliuliza kwa nini ada ya chama isilipwe kwa simu, ili mtu wa shamba asipande gari hadi ofisini kwa ajili ya shilingi chache. Halmashauri imenitaka nieleze jambo hili kabla ya kura. Nilipokuwa Mwanza kwa shemeji yangu, auzaye dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, nilipata kuona jinsi linavyotumika, na jinsi linavyoweza kuharibika.

Kitu chenyewe huitwa programu ya mtandao, nacho kina sehemu tatu. Ya kwanza ni ukurasa ambao mwanachama huufungua katika simu yake. Ya pili ni hifadhidata, yaani daftari lenyewe: jina, tawi, idadi ya mikarafuu, deni, na tarehe ya malipo. Ya tatu ni mlango wa malipo, unaounganisha daftari na kampuni ya simu.

Husemwa kwamba daftari hilo liko "katika wingu". Msidhani liko angani. Wingu ni majumba yenye mashine nyingi za hesabu, ambazo mtu hukodi badala ya kununua zake. Kampuni ya Amazon, kwa mfano, ilifungua majumba ya namna hiyo Cape Town mwaka 2020. Faida yake ni kwamba mashine ya ofisini ikiibwa au ikivujiwa na mvua, daftari halipotei. Lakini njia ya kulifikia ni ndefu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Kwa hiyo nakala ya karatasi haina budi kubaki katika kabati letu.

Sasa natazama malipo. M-Pesa ya Vodacom ilianza Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na leo wengi wetu twatumia fedha za simu. Mwenye kadi ya benki aweza kutoa ruhusa mara moja, kisha ada ikakatwa kila mwezi. Malipo ya simu aghalabu hayaendi hivyo. Kila ada inapofika, programu hupeleka ombi katika simu. Mwanachama huona kiasi, naye hutia namba yake ya siri. Asipoitia, fedha haitoki. Kisha kampuni ya simu hupeleka habari kwa daftari kwamba fulani amelipa.

Hapo katikati ndipo penye hatari. Shemeji yangu alikuwa akilipia kila mwezi huduma moja ya kupata bei za masoko. Siku moja fedha ilitoka, lakini mtandao ukakatika kabla habari haijafika, na daftari likasema hajalipa. Akabonyeza tena, ikatoka mara ya pili. Alihangaika siku kadhaa kuirudisha, wala hapakuwa na mtu wa kumpigia simu.

Dawa yake inajulikana. Kila ombi lipewe namba yake, na namba ya risiti isiandikwe mara mbili. Jibu lisipofika, programu iiulize kampuni ya simu kwanza, kabla ya kumdai mtu upya. Tena daftari lisiandike "amelipa" tu, bali "amelipa hadi tarehe fulani". Kwani neno "amelipa" hungoja mtu wa kulifuta, lakini tarehe hupita yenyewe.

Jambo hili si geni kwa watu wa visiwa. Katika kijiji cha Bwisya, kisiwa cha Ukara, wilaya ya Ukerewe, kampuni ya JUMEME ilianza mwaka 2016 kuuza umeme wa jua, na mteja akilipia kwanza kwa simu. Mkusanyaji hakuhitaji kupita nyumba kwa nyumba. Lakini huduma ikifungwa na kufunguliwa na mashine, kosa la daftari humwangukia mwananchi. Kwetu sisi, asiyeonekana katika daftari atakosa mkopo wa kuchumia. Akikosa mkopo atakosa wachumaji, na karafuu haingoji hesabu. Ikichanua mtini, thamani yake imekwisha.

Kadhalika kuna siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka wajibu kwa wanaoweka habari za watu. Mwanachama aone mstari wake tu; karani aone tawi lake tu. Kufuli hili liwekwe katika hifadhidata yenyewe. Likiwekwa katika ukurasa peke yake, fundi mwerevu ataupita ukurasa na kusoma madeni yenu yote.

Na gharama? Kumlipa fundi mara moja hakutoshi. Kodi ya wingu huja kila mwezi, na mlango wa malipo aghalabu hukata sehemu yake katika kila malipo. Ada ndogo ikilipwa mara 12 kwa mwaka, hukatwa mara 12. Tena mkulima wa karafuu hapati fedha kila mwezi kama mwenye mshahara. Kwa maoni yangu yafaa tulipe mara moja, baada ya kuuza.

Basi ushauri wangu ni huu. Tuanze na tawi moja kwa msimu mmoja, daftari la karatasi likiandikwa sambamba, na kila juma yalinganishwe. Mwenye simu ndogo, au asiye na simu, aendelee kulipa kwa karani na kupewa risiti. Kila tawi liwe na mtu anayejulikana wa kupokea malalamiko, mwenye idhini ya kusahihisha, na kila sahihisho liandikwe limefanywa na nani. Msimu ukiisha pasipo mtu kudhulumiwa, tutaongeza matawi.

Maswali yenu wapeni makarani wa matawi kabla ya mkutano, nami nitayajibu mbele ya wote.

Katibu wa Chama