Ukimwita jirani wa East Side "boy", usishangae akinuna

Katika mazungumzo ya Waswahili waishio hapa Marekani kuna mada isiyokosekana, iwe msibani, harusini au nje ya msikiti na kanisa baada ya ibada: Wamarekani Weusi. Wanatudharau, atasema huyu. Hawapendi kazi, ataongeza yule ambaye ndiyo kwanza ametoka kubeba boksi zamu ya usiku. Wabongo wamewapa hata kabila, wanawaita Wanyamwezi, na nchi yenyewe Unyamwezini. Maneno haya tumeyasikia Buffalo, tumeyasikia Columbus. Tukimwuliza msemaji ni lini aliketi na jirani yake Mmarekani Mweusi wakazungumza hata nusu saa, huanza kuitafuta simu yake mfukoni.

Tunasema jirani kwa sababu ndivyo ilivyo. Mtu anayefika na begi moja hutafuta nyumba penye kodi nafuu. Mjini Buffalo wakimbizi wengi walianzia West Side. Kodi za huko zilipopanda, baadhi wakavuka Main Street kwenda East Side, ambako Weusi wameishi kwa vizazi. Columbus nako Near East Side ni mtaa wa Weusi wa miaka mingi. Louisville mambo ni kinyume, kule mashariki ndiko kwa wenye nazo, na Weusi wengi wako magharibi, ng'ambo ya Ninth Street. Kwa hiyo ndugu msomaji, usimwambie mtu wa Louisville kwamba unakaa East End ukitegemea akuonee huruma.

Na sisi si wachache tena. Mwaka 2016 pekee Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuliko nchi nyingine yoyote mwaka huo, na wengi wao ni watu wa Kivu wanaozungumza Kiswahili. Mpango huo ulisimamishwa Januari 2025, lakini waliokwisha kufika wapo, wana watoto shuleni, na ukuta wao umepakana na ukuta wa mtu ambaye babu yake alitoka Alabama au Mississippi.

Tuanze na neno dogo. Kwetu kumwita mtu wa miaka ishirini na tano "kijana" si tusi, pengine ni sifa. Ndugu mmoja wa kutoka Uvira alilitafsiri neno hilo moja kwa moja akiwa ghalani, akamwita mfanyakazi mwenzake "boy". Kidogo wapigane. Msimamizi aliwatenganisha, na hakuna aliyemweleza ndugu yetu kosa lake. Alirudi nyumbani akiamini kwamba Wamarekani Weusi wana hasira za bure.

Hasira hiyo si ya bure. Kusini mwa nchi hii, enzi za ubaguzi wa kisheria, mwanamume Mweusi aliitwa "boy" hata akiwa na wajukuu. Ndiyo maana wazoa taka wa Memphis walipogoma mwaka 1968 walibeba mabango yaliyosema, kwa Kiingereza, mimi ni mwanamume. Wazee waliitwa "uncle" na "auntie" na watu wasio ndugu zao, ili tu wasiitwe "Mr." na "Mrs." kama Wazungu. Mwaka 1963 mwanaharakati Mary Hamilton aligoma kujibu maswali katika mahakama ya Alabama mpaka aitwe "Miss Hamilton". Alifungwa siku tano na kutozwa faini ya dola 50. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani ikaitengua hukumu hiyo.

Sasa fikiria Mswahili mwenye adabu zake, aliyefundishwa na mama yake kwamba mwanamke mtu mzima ni shangazi wa kila mtoto mtaani. Anamwamkia bibi jirani kwa "auntie", kwa heshima zote. Bibi anaweza kutabasamu, maana wapo Weusi wanaoitana hivyo wenyewe kwa wenyewe. Anaweza pia kukunja uso. Njia wanayotumia wengi ni "Miss" likifuatiwa na jina la kwanza, hata kama bibi ameolewa na ana vitukuu. Hilo halimo katika darasa la Kiingereza wanalopewa wakimbizi. Utalipata kwa kumwuliza mwenyewe barazani: nikuite nani? Swali la maneno mawili tu.

Lakini si kila swali ni salama. Sisi tukikutana na mgeni huuliza, wewe mtu wa wapi, kabila gani? Kwetu ni kama kumpa kiti. Kwa Mmarekani Mweusi ni kidonda. Sensa ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza iliyowaandika watu Weusi wote wa nchi hii kwa majina. Katika sensa za 1850 na 1860 mtumwa alikuwa na umri, jinsia na rangi, chini ya jina la mmiliki wake. Anayefuatilia ukoo wake hufika 1870 na mara nyingi hugonga ukuta hapo. Halafu anatokea mtu kutoka Afrika, anamwuliza kabila.

Wao nao wana maswali yanayotuchoma. Kwa nini uliondoka kwenu? Kwa anayeuliza ni porojo za kusubiria basi. Kwetu tuliokimbia kwa sababu ya kalamu, na kwa mama aliyetoka Fizi na watoto wawili badala ya wanne, hilo si swali la kituo cha basi. Watoto wetu shuleni nao hutaniwa kwa rangi, lafudhi na chakula, na wanaowatania ni weusi kama wao. Hayo tusiyafiche. Tunachosema ni kwamba kila upande unashika kidonda cha mwenzake bila kujua kilipo.

Wapo miongoni mwetu wanaoweza kuwa daraja kuliko sisi waandishi. Ni Wasomali Wabantu, walioanza kuletwa Marekani mwaka 2003, na ambao baadhi yao wako katika miji hii hii. Wahenga wao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka sehemu ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, wakapelekwa bonde la mto Juba. Baadhi yao wanazungumza Kizigua mpaka leo. Mzee wa Kizigua akieleza utumwa wa babu zake, jirani wa East Side hahitaji kufafanuliwa.

Turudi kwenye lile la uvivu, maana ndilo linalorudiwa sana. Kusini tu mwa Buffalo, Lackawanna, kilikuwepo kiwanda cha chuma cha Bethlehem Steel kilichowahi kuajiri karibu watu 20,000. Mwaka 1971 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikuta kwamba Weusi walikuwa wakipangiwa idara zenye joto na uchafu zaidi, kwa malipo madogo. Mwaka 1983 sehemu kubwa ya kiwanda ikafungwa. Kabla ya hapo, barabara ya Kensington Expressway ilikuwa imekwisha kuipasua East Side na kuifuta Humboldt Parkway, njia pana yenye miti iliyosanifiwa na Frederick Law Olmsted. Hata duka kubwa la chakula, Tops la Jefferson Avenue, lilifunguliwa mwaka 2003 baada ya wakazi kulidai kwa miaka.

Ni katika duka hilo ambapo Jumamosi ya tarehe 14 Mei 2022 kijana Mzungu wa miaka 18 aliwaua watu 10, wote Weusi, na kuwajeruhi 3. Aliendesha gari zaidi ya saa tatu kufika hapo, baada ya kutafuta mahali penye watu Weusi wengi. Hakuuliza nani alizaliwa Alabama na nani Bukavu. Mswahili aliyepitia pale siku hiyo kununua unga alikuwa katika hesabu yake kama mwingine yeyote.

Tukio hilo liliwatoa watu barazani. Wengine wetu walipika wakapeleka, kama tufanyavyo msibani, na kwa mara ya kwanza wakaingia ndani ya nyumba walizozipita kwa miaka.

Pengine mlango mwepesi zaidi ni Kwanzaa, sikukuu iliyoasisiwa na Maulana Karenga mwaka 1966 na inayosherehekewa kuanzia Desemba 26 hadi Januari 1. Nguzo zake saba zote zina majina ya Kiswahili. Mwenyeji huuliza "Habari gani?" na mgeni hutakiwa kujibu kwa nguzo ya siku hiyo. Siku ya kwanza jibu ni Umoja. Mama mmoja wa Kigoma aliyealikwa Buffalo, asiyejua utaratibu huo, alijibu kama alivyojibu maisha yake yote: nzuri. Ukumbi ukanyamaza. Kisha mzee mmoja akamsogelea, kwa upole kabisa, akamwuliza Nzuri ni nguzo ya ngapi. Chakula kilipoa wakiwa bado wanaelezana.