Namna ya kupanga saa za kupasha joto nyumbani ili kupunguza gharama ya stima

Na MWANDISHI WETU

BARIDI ya Kitale haihitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kuamka mjini humo mwezi wa Julai. Mji huo umekaa takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani. Bungoma, iliyo chini zaidi kwa kiasi cha mita 500, ina afadhali, ingawa huko nako kuoga maji baridi alfajiri si jambo la kutamaniwa.

Katika nchi za ng'ambo, nyumba nzima hupashwa joto kwa mtambo mmoja, nao mtambo huongozwa na kidhibitijoto. Tangu mwaka wa 2011, kampuni ya Nest ya Marekani ilipoanza kuuza kidhibiti kinachojifunza mazoea ya mwenye nyumba, vifaa vya aina hiyo vimeenea. Huzima joto watu wakienda kazini na kuliwasha kabla hawajarejea.

Nyumba zetu hazina mitambo hiyo. Hata hivyo, wazo lenyewe, yaani kupasha joto kwa saa linapohitajika tu, lina manufaa kwetu, na mahali pa kuanzia ni bafuni.

Chukua hita ya papo hapo inayofungwa kwenye bomba la mvua, yenye nguvu ya kilowati 5. Ikiwashwa kwa dakika 10 hula takriban yuniti 0.83 za stima. Jamaa ya watu wanne, kila mmoja akioga dakika 10 kwa siku, itatumia zaidi ya yuniti 3 kila siku, nazo kwa mwezi hukaribia 100. Bado taa, pasi, runinga na jokofu havijahesabiwa.

Idadi hiyo ya 100 ina uzito wake. Katika mpangilio wa bei ulioanza Aprili 2023, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) iliwagawa wateja wa nyumbani katika madaraja matatu: wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, walio kati ya 30 na 100, na wanaopita 100. Daraja la mteja hutegemea wastani wa matumizi yake ya miezi mitatu. Kwa hivyo jamaa hiyo, kila mmoja akioga kwa dakika tano badala ya kumi, huokoa yuniti 50 hivi kwa mwezi, na huenda pia ikaepuka kununua tokeni kwa bei ya daraja la juu.

Wenye matangi ya maji moto wana hesabu tofauti. Kupasha lita 50 kutoka nyuzijoto 18 hadi 60 huhitaji takriban yuniti 2.4. Tangi likiachwa limewashwa mchana kutwa, joto huvuja polepole, kidhibiti kilichomo ndani huwasha tena, na stima hulika bila mtu kuoga. Swichi yenye saa, iliyotegwa kuwasha saa kumi alfajiri na kuzima saa kumi na mbili asubuhi, hupunguza upotevu huo. Lakini isidhaniwe kwamba saa hupunguza joto ambalo maji yenyewe yanahitaji. Inachookoa ni kile kinachovuja tu. Tangi lililofunikwa vyema litaonyesha nafuu ndogo kuliko tangi kuukuu lililo wazi.

Kuna ushauri mwingine wa kigeni usiotufaa: kupasha maji usiku wa manane kwa sababu stima ni rahisi wakati huo. Uingereza ina bei za namna hiyo kwa nyumba. Hapa Kenya, nafuu ya usiku iliyoanzishwa Desemba 2017 ililenga viwanda na biashara. Mteja wa nyumbani hulipia wingi wa yuniti, si saa alizozitumia.

Aidha, soketi ndogo zenye saa zinazouzwa madukani kwa kawaida hazistahimili zaidi ya kilowati 3. Hita ya bafuni isiunganishwe nazo kamwe. Tangi nalo lifungiwe swichi yake na fundi wa stima aliyesajiliwa.

Hita ya umeme ya kupasha chumba ni ghali zaidi. Ile ya kilowati 2 hula yuniti 8 kwa saa nne za jioni ikiwaka mfululizo. Baadhi ya wakazi hukimbilia jiko la makaa. Makaa yanayowaka chumbani hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo humuua aliyelala kabla hajatambua lolote. Nyumba za kale za walowezi kule Kitale zilijengewa dohani ukutani kwa sababu hiyo hiyo ya kutoa moshi na hewa ya sumu nje. Chumba cha kukodi chenye dirisha moja hakina dohani. Jiko likitumika humo, dirisha liwe wazi, na jiko litolewe nje kabla ya mtu yeyote kulala.